Kikombe Alichokipisha Mama

Mama alitangaza Jumatano, tukiwa tunakunja mapazia kwenye meza yetu Kariakoo, kwamba Jumapili anaenda Meza ya Bwana. Alisema bila kuniangalia, kama mtu anayesema atapitia sokoni kuchukua nyanya. Nilitaka kumkumbatia palepale mbele ya wateja. Furaha yangu ilidumu muda wa kukunja pazia moja, halafu nikakumbuka kwamba kanisani kwetu kwenye kikombe mna divai ya kweli.

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Mimi na mama tunauza mapazia. Watu wanakuja na vipimo vya madirisha yao, sisi tunakata, fundi jirani anashona. Shule niliishia kidato cha nne, na matokeo yangu tuyaache yalale. Ila ndoto ninazo. Ipo siku nitavalisha madirisha ya hoteli nzima, ghorofa baada ya ghorofa, na mama atakaa kwenye kiti cha kuzunguka akiwaelekeza mafundi, hapo vutia kushoto, hapo legeza. Zamani mama aliicheka ndoto hiyo mpaka meza inatikisika. Nilijua anaumwa pale alipoacha kuicheka.

Watu walitaka sababu. Kafiwa? Biashara imekufa? Kuna mwanaume kamuumiza? Hakuna. Baba aliondoka nikiwa mdogo na tulishazoea kutokuwepo kwake. Mama alizimika tu, taratibu. Asubuhi anakaa ukingoni mwa kitanda amevaa kiatu kimoja, mchana nikirudi kuchukua mzigo namkuta palepale, na kiatu ni kilekile kimoja. Alisema kuna kitu kizito kimemkalia kifuani. Baadaye akagundua kwamba pombe inakisogeza hicho kitu kwa saa chache, na kuanzia hapo tukawa na magonjwa mawili ndani ya chumba kimoja.

Nyumba yetu ni zile za zamani, vyumba huku na huku, korido katikati, bado hawajaivunja kujenga ghorofa. Chumba cha mbele anakaa Bibi mmoja, Mwislamu, mtu wa pwani hasa, anapika vitumbua. Bibi hakuwahi kumwita mama mlevi. Alimletea uji, akakaa naye mpaka uishe, akaondoka na bakuli lake. Kanisani kwetu walimwombea kwa sauti kubwa, wakakemea roho ya huzuni, wakakemea roho ya pombe, na mama akarudi nyumbani na huzuni yake ileile, juu yake ameongezewa aibu. Sisemi maombi ni mabaya. Mimi mwenyewe nilikuwa naomba nikipima kitambaa, naomba nikivuka barabara. Lakini ni Bibi aliyenishika mkono akaniambia, "Mwombee, na hospitali mpeleke, mjukuu wangu. Kwani Mungu atanuna ukimpeleka mgonjwa wake kwa daktari?"

Tukapanda bajaji mpaka hospitali, Upanga. Walimlaza kwanza mpaka mwili ukatulia. Daktari, dada mmoja mpole, akamweleza kwamba sononi ni ugonjwa, na huko kushindwa kuiacha pombe nako ni ugonjwa, na vyote vinatibika. Akapewa vidonge, akapewa na kikundi cha watu wanaoacha pombe, wanakutana kila Jumatatu. Jambo moja daktari alilirudia mpaka nikaliota: kwa mama, hata tone ni mlango.

Mama akashika dawa, akarudi mezani kwetu, polepole. Miezi ikapita bila pombe. Na sasa anataka kanisa, anataka Meza, na mezani kuna kikombe.

Sikutulia tena. Nikimhudumia mteja namuuliza kipimo kilekile mara mbili. Mama akienda msalani nahesabu ameenda kweli au amepita kwenye kile kigrosari cha pombe cha kona. Nikiwaza nimwambie asiende, naona nitakuwa nimemfungia mlango wa kanisa kwa mkono wangu. Nikiwaza nimwache aende, namwona anakunywa, anashuka ngazi za kanisa, anapotea.

Alhamisi nikamwomba mama udhuru, nikaenda kumuuliza mzee wa kanisa wa mtaa wetu. Kwetu kuna desturi, mtu aliyeanguka hadharani, kabla ya kurudi mezani anasimama mbele ya usharika, anatajwa, anapokelewa. Tunaita kurudi kundini. Mzee, bila ubaya wowote, akasema mama lazima aanzie hapo, mambo ya kikombe tutayaongea baadaye. Nikamwambia mama yangu hakuanguka, aliugua. Akavua miwani, akaifuta, akasema kwa watu vyote viwili vinaonekana sawa, ila atamfikishia mchungaji. Nikatoka nikiwa nimevurugika zaidi ya nilivyoingia. Nilizunguka mitaa ya wauza vyombo, nikatokea kwa wauza viatu, nikarudi tena kwenye vyombo, miguu inakataa kwenda nyumbani.

Ijumaa jioni mama mchungaji, mke wa mchungaji wetu, akaja bila taarifa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku tayari anatafuta pa kukaa. Mama alikuwa uani anachambua mchele. Mama mchungaji akageuza ndoo, akaikalia, akaingiza mkono wake kwenye ungo uleule.

"Mwenzangu, nasikia Jumapili unakuja."

"Nataka," mama akasema. "Ila naogopa."

"Watu?"

"Watu nimeshawazoea. Naogopa kile kidogo cha kwenye kikombe. Nikikiweka mdomoni sijui kama nitaishia hapo."

Ndiyo kwanza nilijua kwamba siku zote hizo, mimi nikizunguka na hofu yangu, mama alikuwa amebeba ileile, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Bibi alikuwa kwenye jiko lake la mkaa na masikio yote yako kwetu. Akauliza, hivi huko kwenu mtu hawezi kupewa mkate akashiba? Mama mchungaji alicheka mpaka mchele ukamwagika.

"Bibi ameshamaliza mahubiri," akasema. "Mchungaji naye kanituma hivyohivyo. Upokee mkate. Sinia la vikombe likifika, weka mkono kifuani, ulipishe. Yesu kwenye mkate yupo mzima, hajakatwa nusu."

"Na kusimama mbele?"

"Usimame kwa lipi? Malaria tunaitubia kanisani? Ya kutubu unayajua mwenyewe, mwambie Mungu."

"Yapo," mama akasema, akaniangalia. Mimi nikajifanya nimeona jiwe kwenye mchele, nikalitafuta kwa bidii sana.

Halafu akauliza lile nililokuwa naliogopa kuliko yote. Je, akirudi kunywa Jumatatu? Mama mchungaji hakukimbilia kusema hutarudi. Alichambua mchele kwanza. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ukinywa Jumatatu, nipigie hiyo Jumatatu. Usisubiri upendeze ndiyo uje. Mungu anakutaka leo, na harufu yako."

Jumapili nilikaa kiti cha nyuma yake. Safu yao ilipoitwa, akasimama, akaenda, akapiga magoti. Kutoka nilipokaa niliona mgongo tu na kilemba chake cha kitenge. Mkate akapokea. Sinia likaanza kuja, vile vikombe vidogo vinagongana, kila mtu anachukua chake. Nikaacha kuomba kwa maneno, nikabaki nimeshika ubao wa kiti cha mbele. Sinia likafika kwake. Likasimama. Mkono wake wa kulia uliinuka kidogo, na naapa sikujua unaenda wapi. Ukatua kifuani. Mchungaji akamwekea kiganja kichwani, akasema neno ambalo sikulisikia, sinia likaendelea kwa jirani.

Nilidhani yameisha. Kumbe ndiyo yalikuwa yanaanza. Tulipotoka nje, wanakwaya wanacheka, watoto wanakimbizana, mama akanishika mkono kwa nguvu.

"Nimesikia harufu yake," akasema. "Nina kiu, mwanangu. Nina kiu mbaya. Usinipeleke nyumbani."

Sikumpeleka. Tulitembea. Tukapita Kariakoo, maduka mengi yamefungwa, tukapita Mnazi Mmoja, tukaingia mjini, yeye na viatu vyake vya kanisani anatembea mbele kama anachelewa kitu. Tukafika Magogoni, tukaingia kwenye pantoni na watu wenye mabegi na ndoo za samaki, tukavuka Kigamboni. Ng'ambo tukashuka, tukajipanga foleni na kupanda tena. Tulipofika Magogoni akasema, "Tuvuke tena." Nikasema tuvuke.

Kama wewe ni mzazi, na saa hii umelala umegeukia ukuta, watoto wako wanazungumza kwa kunong'ona koridoni, ninayekuandikia ni mimi, mtoto wa mmoja wenu. Sisi tunaonong'ona hatukuchoki. Tunaogopa, ni tofauti. Tukikuuliza umekula, tunachouliza ni kama bado upo. Usijifiche kwa Mungu kwa sababu ya chupa. Na kile kiatu kimoja ulichovaa asubuhi, mimi leo nakihesabu kuwa ni sala. Uliweza kimoja. Mwambie mtu akusaidie cha pili, awe daktari, awe mama mchungaji, awe jirani mpika vitumbua. Na siku ukikipisha kikombe halafu kiu ikabaki palepale, usidhani Mungu hakukusikia. Kiu ya mama yangu ilibaki, na Mungu alikuwepo, nawaambia mimi niliyemshika mkono.

Kwenye pantoni mama aliomba kwa midomo bila sauti, akikatisha, akiangalia watu, akirudia. Mguu wake mmoja ulikuwa unapiga chuma cha sakafu, tak, tak, tak, mpaka dada mmoja mwenye mtoto akageuka kutuangalia. Nilimtolea tabasamu kubwa. Sisi wengine tabasamu ndiyo mtaji.

Tulivuka tena, na tena. Jua likapungua ukali. Sijui ilikuwa safari ya ngapi nilipoona mguu umetulia. Niliogopa kuutaja, usije ukaanza upya. Tuliposhuka upande wa Magogoni mama alisimama kwa muuza mihogo ya kukaanga, akaniambia ana njaa, akaagiza ya watu wawili, pilipili nyingi.

Akala amesimama, akipuliza vidole.

"Kesho kwenye kikundi nitawaambia ile harufu," akasema. "Nitawaambia ilivyokuwa. Kuna baba mmoja pale naye ni Mkristo, hajaenda kanisani kwake muda mrefu. Nadhani anaogopa hichohicho."

Nikamuuliza kama kiu imeisha.

"Haijaisha," akasema. "Imekaa pembeni. Lete huo muhogo wako kama humalizi."