Kidonge Kisichopondwa Karashani

Asubuhi hii mjini Buseresere karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, linanguruma, vyuma vinagongana na mawe, na vumbi la kijivu limemtanda Nyamizi, anayeliendesha, mpaka kwenye kope. Mbele yake, juu ya ndoo iliyofudikizwa, ameketi Mzee Bujiku, mwenye mawe yanayosagwa. Macho yake hayabanduki mashineni.

"Mayu, leo hutoki?" anauliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Leo sitoki, baba. Labda utoke wewe."

Wanacheka. Mwaka jana swali hilo lingemliza.

Kwa desturi ya karashani, anayesaga haondoki mpaka mzigo uishe. Akiondoka, mwenye mawe huamini ameondoka na dhahabu. Nyamizi, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, alikuwa akikimbilia chooni kila mara, akiharisha damu.

"Nilitibiwa amiba, nikatibiwa taifodi," anasimulia. "Dawa zikaisha, damu haikukoma."

Hospitalini mjini Shinyanga, alikofikia kwa dada yake wa mtaa wa Ngokolo, kipimo cha kamera kilionyesha kwamba kinga ya mwili wake ilikuwa ikiushambulia utumbo wake mpana. Alipewa steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, inayosambaa mwili mzima. Damu ilikoma, lakini usingizi ulimpaa na uso ukavimba, ukawa mviringo.

"Wateja wakasema, 'Mwoneni alivyonona kwa dhahabu yetu.'"

Mwanaima, mwenye karasha, alimwonya: malalamiko yakizidi, atafute kazi kwingine.

Ugonjwa ulipoamka tena, Daktari Valerian wa hospitali hiyo alimpa steroidi ya namna nyingine, iliyotengenezwa ikafanye kazi utumboni. Wiki tatu zikapita bila nafuu. Daktari akashangaa.

"Unavimezaje vidonge?"

"Naviponda kwanza, daktari, nakorogea kwenye uji."

"Nani alikwambia uviponde?"

"Kwetu jiwe lisilopondwa halitoi kitu."

Daktari alicheka, kisha akavuta kiti karibu. "Ganda la kidonge hiki limeundwa lipite tumboni bila kufunguka, likafungukie kwenye utumbo mpana, penye uvimbe wenyewe. Ukikiponda, umemwaga dizeli njiani. Karasha utaliwasha kwa kitu gani?" Akaongeza kwamba sehemu kubwa ya dawa hiyo huvunjwa na ini kabla ya kuenea mwilini, ndiyo maana mara nyingi haiuvimbishi uso kama ile ya kwanza.

Tangu siku hiyo Nyamizi akawa anakimeza kizima kila asubuhi. Nafuu ilikuja taratibu, mpaka asubuhi moja ambayo bado inamchangamsha akiisimulia.

"Niliamka nikakuta kumekucha na sijaenda chooni hata mara moja. Nikamwita binti yangu, Vumilia, aje ashuhudie. Akaniuliza, 'Mama, nishuhudie nini?'"

Dozi hiyo ina mwisho wake. Baadaye ataendelea na dawa nyingine ya kuutuliza utumbo, maana ugonjwa waweza kurudi. Nyamizi analijua hilo, lakini mipango imekwisha kumjaa kifuani. Mwanaima anataka kusimika karasha la pili, naye Nyamizi ameomba alisimamie.

"Ila nikabidhiwe na wateja kwanza, si na tajiri wangu," anasema.

Mzigo umefika nusu. Mzee Bujiku anasimama, anakung'uta kanzu yake vumbi.

"Mayu, naenda kunywa chai. Mawe yangu hayo hapo."

Nyamizi anamfuata kwa macho mpaka anapokata kona. Kisha anaisogeza pembeni ile ndoo tupu, anaongeza mawe.