Kizibo cha Hategekimana

Nitamweleza Hategekimana kama nilivyomjua, na itabidi nijieleze na mimi, maana bila uchafu wangu habari zake hazikamiliki.

Alizaliwa Kimuli. Wazazi wake walitoka Burundi wakaishia kuwa vibarua katika migomba ya watu. Ufundi wa redio alijifundisha mwenyewe kwa kufungua redio mbovu zilizotupwa. Mwaka 1998 alikuwa na meza yake kwenye baraza la duka hapa Ihanda, na karibu kila aliyesikiliza taarifa ya habari kijijini aliisikia kwa sababu ya mikono yake. Bibi akimletea redio iliyoisha betri tu, alimwambia ukweli na kumrudisha bila kumtoza. Tulimwita fundi akiwa mbele yetu. Akigeuka, tulimwita yule Mrundi. Nasema tulimwita, kwa sababu na mimi nilikuwemo.

Mwaka huo shemeji yangu Aristides aliingiwa na wazimu wa kompyuta. Aristides alikuwa na kahawa nyingi kuliko mtu yeyote wa upande wetu, na majivuno yake yaliizidi kahawa. Alinunua vipande Kampala, akavipitisha mpakani Murongo ndani ya magunia, akakaa wiki nzima sebuleni akiviunganisha kwa kufuata kijitabu. Kompyuta nyingine kuukuu aliiweka ghalani, ng'ambo ya ua, akatandaza waya mweusi kutoka ghala mpaka nyumba. Alitaka, akiwa ameketi kwenye kochi, aone magunia mangapi yamepimwa ghalani, asilazimike kuvuka ua kwa miguu yake. Hatua arobaini! Nilizihesabu mwenyewe, nikasonya.

Jumapili moja akatualika tukaione. Jenereta ikanguruma, vioo vyote viwili vikawaka, herufi zilizoandikwa ghalani zikatokea sebuleni. Watu wakapiga makofi. Aristides akalewa makofi yale. Akachomoa hiki na kile, akieleza kila kitu, hata asichokijua. Kwenye ncha ya waya kulikuwa na kizibo kidogo cha chuma, kama ncha ya kidole cha mwisho. Akakifungua akasema kiko kimoja kila mwisho wa waya, na sharti wazee wakishike. Kwetu, kitu cha kupitishwa kwa watu walioketi hakirushwi mkono kwa mkono. Kikapita juu ya kikapu cha kahawa ya kutafuna, kile kile anachokaribishiwa kila mgeni anayeingia nyumbani. Tukakishika, tukatafuna, tukasifu.

Jumatatu mashine ikagoma. Iliwaka, ikapiga milio mitatu, kioo kikabaki cheusi. Aristides akaona haya mpaka akafunga mlango. Akaagiza mgeni yeyote asikanyage mle mpaka mashine ipone. Akamwita Hategekimana.

Dada yangu Anatolia, mke wa Aristides, ndiye aliyenisimulia siku zile tatu. Siku ya kwanza fundi alifungua boksi akakuta mende wawili wameshaingia, na kibao chembamba cha kumbukumbu kimekaa upande kwa sababu kilichomolewa kwa pupa na kurudishwa vibaya. Akafuta meno ya kibao hicho kwa raba ya shuleni, akakibana mpaka kikalia. Kioo kikawaka. Lakini sebule na ghala havikusikilizana tena. Siku ya pili alibadilisha kadi za mtandao, ya huku akaipeleka kule. Ikawa vile vile. Akaukagua waya kwa vidole, hatua kwa hatua, akitafuta palipotafunwa na panya. Mzima. Jioni ndipo alipoitazama ncha ya waya sebuleni.

"Mzee," alisema, "kizibo cha huku hakipo. Bila hicho waya wote unakuwa bubu."

"Vilikuwa viwili," Aristides akajibu. "Mwingine aliyegusa hapa ni nani?"

Hategekimana alikwenda kwenye meza yake, akachukua vipande viwili vya redio kuukuu, akavichoma kwa risasi ya kulehemu ndani ya kifuniko cha bati, akarudi asubuhi ya siku ya tatu na kizibo cha kujitengenezea. Akakifunga, na ghala likaonekana sebuleni. Kazi ya akili kama ile, mtu mwenye haya angemvulia kofia. Aristides alikitazama akasema, "Kumbe ulikuwa nacho. Umekipasua ukakivika bati ili nisikijue." Halafu akampiga kofi.

Kwa siku zote tatu zile hakuna aliyemwambia Hategekimana karibu kahawa. Kikapu kilikaa juu ya kabati, mikono miwili kutoka kichwani pake. Fundi hakuhesabiwa kuwa mgeni. Mrundi ndiyo kabisa.

Siku ya nne, Alhamisi, tuliitwa kuamua, mimi kama mwalimu mstaafu, na Kashaija, mwenyekiti wa kitongoji. Miaka ile neno la mwenyekiti lilitosha kumfanya mtu wa asili ya Burundi aanze kuulizwa karatasi za uraia, na Hategekimana alikuwa na mke, watoto wawili, na ile meza tu. Akihukumiwa mwizi, vyote vingeondoka. Tulimkuta amesimama karibu na mlango, juu ya saruji, nje ya nyasi mpya tulizotandikiwa sisi wageni. Mfuko wake ulikuwa umemwagwa sakafuni.

Mama yake Aristides, bibi Kokuberwa, akaleta kikapu. Kuchagua-chagua kahawa ya mwenyeji ni utovu wa adabu, kwa hiyo nilichota bila kutazama, macho yangu yakiwa kwa Aristides aliyekuwa akifoka, nikatupia mdomoni.

Nikauma chuma.

Nilijua papo hapo. Ulimi ulizunguka tundu lake na mistari yake ya kufungia. Kilikuwa mdomoni mwangu, kimechanganyika na kahawa na mate, na mwenye kutuhumiwa alikuwa ananitazama mimi kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha mtoto wake kusoma.

"Mwalimu ananijua," alisema. "Shikamoo, Mwalimu. Waambie."

Sikuitikia hata shikamoo. Ningeitikia vipi, mdomo umejaa? Ndivyo nilivyojidanganya. Ukweli ni kwamba kukitema pale, mbele ya mwenyekiti, kungemvua nguo shemeji yangu katika nyumba yake na mbele ya mama yake. Nikakibana chini ya ulimi. Nilimsikia Kashaija akisema kwamba fundi aondoke Ihanda kabla ya Jumamosi. Nikatikisa kichwa kukubali.

Alipotoka nilimfuata mpaka kwenye migomba. Nikatema kiganjani, nikamnyooshea kizibo kikiwa kinang'aa mate.

"Kilikuwa kwenye kikapu," nikasema. "Chukua."

Hakukigusa.

"Mwalimu, nikikichukua hapa nitakuwa nimekiiba kweli," alisema. "Kirudishe ulikokitoa. Sema ukiwa mle ndani."

Niliahidi. Nilikwenda kwanza nyumbani kusukutua. Nikakaa. Nikajiambia nitasema kesho, Aristides akiwa peke yake. Kulipokucha nikasema mchana. Ijumaa jioni ndipo nilipoingia nikakiweka mezani, nikaeleza kilikopatikana na lini. Niliyemhofia kuvuliwa nguo hakuvuliwa chochote. Aristides alicheka mpaka akashika tumbo.

"Loo! Kumbe tulikuwa tunataka kukila!"

Akafungua kile cha bati, akakitupa dirishani, akafunga cha Kampala. Ghala likaonekana. Nikamwambia atume mtu kwa Hategekimana, leo hii, kabla hajafunga mizigo.

"Shemeji," akasema, "mwenyekiti ameshasema. Sasa nimfanye mwongo kwa ajili ya fundi wa redio? Kaa. Mama, mletee Mwalimu kahawa."

Nikatoka mbio mbio mpaka barazani kwa Hategekimana. Meza ilikuwa imeondolewa tangu adhuhuri. Alama za miguu yake minne zilibaki kwenye vumbi, na mwenye duka alikuwa akizifagia.

Nilikiokota kile kizibo cha bati chini ya dirisha la Aristides. Kiko nami. Risasi yake imetulia, haina hata kidonda. Fundi nilisikia yuko Kimuli kwa wazazi wake, analima. Sijathubutu kwenda. Ila tangu siku ile, popote ninapoingia, wakileta kikapu naweka mkono kifuani na kushukuru, sichoti. Watu hudhani ni meno.