Nafasi ya Kendi

Siku ya maombi ya shukrani, Gatakaa alikaa jikoni akimenya viazi vya kusherehekea mtoto wa mke mwenzake. Nkirote alikuwa amerudi Kibirichia na cheti cha kufundisha watu kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, na wageni walikuwa wakipokezana kile cheti kama mtoto mchanga.

Kilichomuuma Gatakaa ni kwamba nafasi ile ya mafunzo huko Pwani ilikuwa ya binti yake, Kendi. Ciakuthii, mke mdogo, ndiye aliyemjia na machozi: "Dada, bahari inameza wasichana wa milimani." Gatakaa akamzuia Kendi. Wiki hiyo hiyo Ciakuthii akampeleka wa kwake.

Wageni wakataka kuona. Nkirote akalaza ubao wa kitanda juu ya matuta ya viazi, akalala kifudifudi, akajisukuma kwa mikono na kuruka wima. Wakapiga makofi. Kendi naye akajaribu, akasimama mara ya kwanza bila kuyumba.

"Ai, Kendi! Mimi ilinichukua wiki mbili," Nkirote akasema. "Mama mkubwa, mwezi wa nane wanachukua wengine. Nimwandikishe?"

"Lakini maji ya mwezi wa nane..." Ciakuthii akaanza.

"Wewe nyamaza!" Gatakaa alikuwa ameshatoka jikoni, kisu mkononi. "Mwandikishe leo. Wiki mbili, umesema? Wa kwangu atafuzu mbele ya wote, halafu tuone nani atamenya viazi."