Furukombe na Kijiko cha Mama Mkwe

Nikisema sipendi kwenda ukweni watu wanadhani nimegombana na wakwe zangu, kumbe ni aibu tu, aibu ambayo mpaka leo nikishuka Chiwanda watoto ambao siku ile walikuwa hata hawajazaliwa wananitazama, halafu wanatazama juu angani, halafu wanacheka. Basi leo nawasimulia mwenyewe, kwa sababu mambo ya uongo mmeshasikia mengi, na kwa bahati mbaya yale ya kweli ndiyo mabaya zaidi.

Ilikuwa enzi za ruksa, mitumba imefurika soko la Mbinga, na mimi mtoto wa kahawa kutoka Mkumbi, ambaye maji ya ziwa hayajawahi kunipita magoti, nikanunua kizibao chenye mifuko mpaka mgongoni. Katika mfuko mmoja nikakuta karatasi ya picha za rangi. Mzungu kakumbatia samaki mkubwa kama mtoto wa darasa la pili, na chini yake wamechora mtego wake: mbele kibati cha kumetameta, nyuma yake kijiko kisicho na mpini, kisha ndoano iliyovalishwa manyoya, vyote vinaburutwa nyuma ya chombo ili samaki adhani ni dagaa wanakimbia. Maandishi sikuyaelewa hata neno moja, lakini michoro niliitazama kila jioni mpaka nikajiona mvuvi kamili.

Sasa, mwaka huohuo nilikuwa nimempata Felista, binti wa Chiwanda, kule ufukoni mwa ziwa, aliyekuja Mbinga kujifunza cherehani. Yeye ananitaka, baba yake hana neno, ila mama yake hataki hata kunisikia. Simlaumu. Dada yake Felista aliolewa na mmoja wa wale wanunuzi binafsi wa kahawa waliomiminika biashara ilipofunguliwa, kijana mwenye maneno matamu na viatu vinavyong'aa, kumbe ana mke mwingine Songea, na dada wa watu akarudi kwao na mtoto mgongoni. Kwa hiyo mama akaapa kwamba mwanamume mjanja kutoka huko juu hataingia tena kwake. Tulipewa nafasi moja tu ya kwenda kujieleza, na kama mama angekataa siku hiyo ndiyo ingekuwa basi.

Mshenga wangu alikuwa baba mdogo Hyasinti, katekista, mtu wa kupanga maneno. Njia nzima alinionya nisiseme kitu na nisiguse kitu. Tulipofika, tukamwamkia shikamoo kila aliyekuwepo, kisha wazee wakakaa uani kuzungumza, na mimi, kwa desturi, nikaambiwa nikapunge upepo mpaka nitakapoitwa.

Ningepunga huo upepo leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini nikapita nyuma ya jiko, nikaona vyombo vimeanikwa kichanjani, na juu yake kijiko kinawaka jua, nikawaza moyoni kwamba nikirudi na samaki mbasa mkubwa kama wa yule mzungu, mama atajua bintiye hatakwenda kula maharage milimani maisha yake yote. Kijiko kimoja tu. (Sikujua vyombo vile ni vya wageni, vilivyotolewa kabatini kwa ajili yetu sisi.) Nikakikunja huku na huku mpaka mpini ukakatika, nikakitoboa kwa msumari na jiwe. Kibati nikakiokota jalalani, kifuniko cha kopo la maziwa, na hicho ndicho kitu pekee cha halali nilichochukua pale kwao. Yakabaki manyoya. Kulikuwa na jogoo mwekundu amefungwa mguu karibu na banda, mwenye mkia wa kujivunia, nikataka unyoya mmoja, yeye akavuta kwake nami nikavuta kwangu, nikabaki na mkia mzima mkononi. Nyuzi nyekundu za kufungia manyoya nikachomoa kwenye sweta langu, ndoano na mshipi nikavitoa kwenye kapu la uvuvi lililoning'inia ukutani, na huo mshipi nikauzungushia ndala ya baba mkwe iliyokuwa mlangoni, nikaufunga vizuri usije ukanipotea.

Damasi, kaka yake Felista, alikubali kunipigia kafi, nadhani kwa sababu hakuwa na kazi nyingine ya kumchekesha. Tukaenda sambamba na ufuko, nyumba yao tunaiona palepale, na mtego, badala ya kuzama, ukawa unarukaruka juu ya maji ukimetameta. Damasi akasema, "Shemeji, huo hauna uzito, samaki hatauona." Nikamwambia aangalie mbele.

Samaki kweli hakuuona. Aliyeuona alikuwa furukombe, yule tai mla samaki. Alishuka bila kelele, akakamata kijiko kwa kucha, akapanda nacho, mshipi ukafyatuka kwenye ndala vururu, na ulipokwisha ndala yenyewe ikanitoka mkononi ikaruka. Nikasimama kuifuata (kwenye mtumbwi, mimi mtu wa Mkumbi), tukapinduka wote wawili.

Yaliyotokea uani alinisimulia baba mdogo baadaye, bila kunitazama. Walikuwa wamemleta jogoo mbele ya wageni, wamwone mzima kabla hajachinjwa kama heshima inavyotaka, na jogoo akasimama pale hana mkia. Baba mdogo, kuokoa hali, akaanza kunisifu kwamba kijana huyu tangu utotoni hajawahi kugusa cha mtu. Ndipo furukombe akapita juu ya nyumba na mtego wangu, ndala ikanasa kwenye nyasi za paa, akaona ameshikwa, akaachia kila kitu, na kijiko, kibati na manyoya vikaanguka mbele ya mama. Jogoo akachutama pembeni ya manyoya yake.

Mimi nikafika nikichuruzika maji, Damasi ananishikilia kwa kola ya kizibao. Felista alikuwa mlangoni, amejifunika uso kwa khanga, mabega yanamtetemeka, na sikuweza kujua analia au anacheka. Hofu iliyonishika siwezi kuieleza. Baba mdogo akaanza kuaga.

Mama akaokota kijiko, akakigeuzageuza, akaniangalia mara ya kwanza tangu tufike.

"Kaa, Hyasinti," alisema. "Yule wa kwanza alificha mke miaka miwili. Huyu kijiko hata mpaka chakula kiive hakuweza kukificha. Huyu mpeni."

Nikapewa, ndugu zangu, na tumezaa na Felista watoto wanne. Lakini nimeapa: ukweni nikiambiwa kapunge upepo, napunga upepo, mikono yote miwili nyuma, na samaki nanunua sokoni.