Pini ya Behewa la Mwisho

Mwalimu mmoja wa hapa Toronto, ambaye sijawahi kumwona na wala sina hamu ya kumwona, ameandika kwa kalamu ya kijani kwamba habari zangu haziaminiki.

Usicheke. Mjukuu wangu alikuja nayo hiyo karatasi Ijumaa, akaiweka kwenye meza yangu ya jikoni hapa Regent Park, katikati ya unga na manda za sambusa nilizokuwa nakunja. Huyu mtoto Kiswahili anakielewa chote, ila kukizungumza ni kama unamwambia ameze kijiko, kwa hiyo nakutafsiria. Alisema, "Bibi, usikasirike." Ukiambiwa usikasirike, ujue mambo yameshaharibika.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Shuleni wanasoma vita vya Warusi, vile vya baada ya kumwondoa mfalme wao, Wekundu na Weupe wakawindana wenyewe kwa wenyewe kwa miaka kandokando ya reli na kwenye theluji. Kila mwanafunzi alitakiwa atafute vyanzo, kisha aseme kipi cha kuaminika na kwa nini. Wenzake wakaenda maktaba. Wangu akaja kwangu, akaiegemeza simu yake kwenye kopo la sukari na kuniambia, "Bibi, si uliwahi kusema ulimjua Mweupe mmoja?"

Nilimjua. Nikaongea saa nzima, sambusa zikaungua. Na majibu ya mwalimu ni mistari mitatu tu: msimulizi ndiye shujaa wa hadithi yake mwenyewe, hakuna wa kuithibitisha, nani mwingine alikuwepo? Chini yake akapigia mstari: chanzo dhaifu.

Dhaifu! Mimi niliyeishia darasa la nne, nikasugua vyoo vya maofisi ya Don Mills, nikabeba maboksi kwenye maghala ya Malton mpaka magoti yakaanza kulia kama bawaba, halafu nikafungua jiko langu mwenyewe. Leo harusi au msiba wa Waswahili mji huu bila sambusa zangu, watu wanaulizana kulikoni. Na mtu ananiandikia "dhaifu" kwa kalamu ya kijani!

"Nipe koti langu," nikamwambia mjukuu. "Twende huko shuleni."

"Bibi, tafadhali! Hajasema wewe ni mwongo. Amesema yule mzee wako."

"Ni yaleyale."

"Siyo yaleyale, Bibi."

Basi kaa nikueleze huyo mzee, wewe uamue, maana wewe angalau una adabu ya kusikiliza.

Nimekulia kambi ya mkonge, Tanga, upande wa Korogwe. Baba alikuwa mkataji. Mkonge ulipandwa kwa mistari iliyonyooka kama nywele zilizosukwa na fundi asiye na haraka, ukipanda mlima ukishuka mlima, mpaka macho yachoke. Asubuhi tuliamshwa na kipande cha reli kilichotundikwa mtini, kikigongwa kwa nyundo. Makapi ya mkonge yalikuwa yakioza bondeni, yakitoa harufu kali ya uchachu. Wageni walitapika, sisi tuliota ndoto nzuri humohumo. Tulikula ugali na dagaa, na mchunga, ile mboga chungu ambayo mama aliichemsha, akamwaga maji, akaichemsha tena. Nazi ikipatikana, ni sikukuu. Jumapili ilikuwa makande, na mpaka leo nikipika makande humu ndani mjukuu ananiuliza kwa nini naimba.

Katikati ya shamba palikuwa na korona. Na usinitajie ugonjwa. Sisi tulikuwa na korona kabla ya ugonjwa wowote. Ilikuwa ile mashine kubwa inayoyasaga majani ya mkonge yakatoka singa, zile nyuzi za kusokotea kamba. Ikiwaka, vikombe vilitetemeka ndani ya nyumba. Fundi wake alikuwa Mrusi. Wakubwa wa shamba walikuwa Wagiriki. Yeye hakuwa wao, na hakuwa sisi. Tulimwita Mzee wa Korona. Aliishi peke yake kwenye nyumba ya bati nyuma ya karakana, na chai aliinywa nyeusi kwenye glasi, kipande cha sukari guru amekibana kwa meno, chai inapita juu yake. Mama alimfulia nguo, ndiyo maana mimi nilimjua kuliko watoto wengine.

Jumapili korona ilipolala, mzee alituchezesha vita vyake. Ndiyo, watoto wa wakata mkonge, pekupeku, tulipigana vita vya Warusi kuliko Warusi wenyewe. Kulikuwa na reli nyembamba ya toroli za kubebea mkonge, inatoka shambani inapanda mpaka mlangoni mwa korona. Mzee aliunganisha toroli tatu kwa pini za chuma. Ya kwanza ilikuwa injini, na wavulana wakubwa waliivuta. Ya pili ilikuwa ya askari Weupe. Ya tatu ilikuwa behewa la wagonjwa. Wadogo walilala humo, amewafunika magunia, wanakufa kwa kicheko. Theluji yetu ilikuwa singa zilizoanikwa, nyeupe, kamba baada ya kamba pande zote mbili za reli, na ole wako uziguse, nyapara hakuwa na mchezo. Wekundu walitokea nyuma. Mkuu wa Wekundu alikuwa mimi. Sikuchaguliwa, nilijichagua.

Kiswahili chake kilikuwa cha kizungu tu. "Baridi kubwa," alitwambia. "Mti pasuka, paa! kama bunduki. Shika chuma bila glavu, ngozi naachia hapo." Alisema alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, mchochea moto wa treni. Upande wake ulikuwa umeshindwa, wanakimbia kuelekea jua linakochomoza, treni nyuma ya treni kwenye reli moja, adui nyuma yao. Behewa la mwisho la treni yake lilijaa wagonjwa wa homa. Basi pini ikafyatuka, behewa likaanza kubaki. Yeye akaruka chini, akairudisha pini kwa mkono mtupu. Hapo alitufungulia kiganja chake cha kulia. Palikuwa na kovu jeupe linalong'aa kama ganda la ndani la kitunguu. "Treni fika," alimaliza. "Wote fika. Wote kunywa chai." Na sisi tulifika mlangoni mwa korona tukipiga kelele, wagonjwa wakafufuka, kila mmoja akapata kipande cha sukari guru. Hata Wekundu tulipata.

Kitu kimoja kilituudhi. Hatukuondoka mpaka aangalie pini. Anaigusa ya kwanza, anaigusa ya pili, anaitikisa. Mnaanza kuvuta, "Ngoja! Hapana sukuma! Mimi angalia pini." Anarudi tena. Mara tatu, kwa toroli ambayo mbuzi angeweza kuivuta! Tulimwigiza nyuma ya mgongo wake mpaka mbavu zikatuuma.

Hiyo ndiyo hadithi niliyompa mjukuu. Nami nilikuwa na sababu ya kuiamini, tena sababu ya ngozi. Majira yangu ya kwanza ya baridi hapa, alfajiri moja nikiwa Malton nasubiri basi la kwenda zamu, glavu nimesahau, nilishika nguzo ya chuma ya kituo kwa mkono wenye maji. Nilipouvuta, kipande cha ngozi ya kidole kilibaki pale. Nilisimama kwenye theluji nikacheka peke yangu kama kichaa. Nikasema, mzee, hili hukunidanganya. Mwalimu wa kalamu ya kijani amelithibitisha wapi yeye, kwenye kitabu?

Lakini nimelala na karatasi ile siku tatu, na kinachonichefua siyo "dhaifu". Ni lile swali. Nani mwingine alikuwepo?

Kwa sababu yapo niliyoyaruka. Sikusema uongo. Niliyaruka.

Nilipokuwa na miaka kumi hivi, mzee alishikwa na malaria mbaya. Mama aliitwa kumkanda na kubadilisha shuka, mimi nikabeba ndoo ya maji. Ilikuwa mchana wa jua kali, bati linalia kwa joto, na yeye anatetemeka meno. Akamshika mama mkono, macho wazi lakini hamwoni. "Treni zito," akasema. "Kuni kidogo. Bwana mkubwa sema toa pini. Mimi toa." Mama akamwambia tulia baba, tulia. Hakutulia. "Mimi toa. Watu ndani gonga." Akaanza kugonga ubao wa kitanda kwa ngumi, polepole. "Gonga. Gonga. Gonga." Kiganja kikafunguka, lile kovu liko pale. Kovu ni lilelile, na pini ni ileile. Ila mkono ulikuwa unakwenda upande mwingine.

Nje, mama alikamua shuka mpaka nikadhani litachanika. "Maneno ya homa hufuliwa pamoja na shuka," akasema. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Hukusikia."

Mama alikuwa na methali kwa kila kitu alichotaka usikiulize. Nami nikanyamaza, miaka zaidi ya sitini, mtoto mwema. Inaniudhi hata kuisema. Angefanya nini, mama wa watu? Lakini inaniudhi.

Na haikuishia hapo, ndiyo maana sikumwambia mjukuu. Mzee alipona. Jumapili ya pili akatoka, amekonda, shati linampwaya, akaunga toroli tatu. Akaangalia pini mara tatu. Wenzangu wakacheka kama kawaida yao. Mimi nilimtazama tu. Treni ikaanza kupanda. Mzee alitembea mbele pembeni ya injini akihimiza, na mimi mkuu wa Wekundu nilikuwa nyuma, karibu na behewa la wagonjwa kuliko mtu yeyote.

Niliitoa pini.

Usiniulize sana kwa nini. Nilitaka kuona. Mtoto huvunja kitu ili aone ndani kuna nini, na mimi nilikuwa mtoto wa namna hiyo. Toroli ya tatu ikasimama, ikarudi nyuma kidogo, nikaizuia kwa mgongo. Wadogo ndani, chini ya magunia, walidhani ndiyo mchezo umenoga. Wakaanza kupiga mbao za toroli kwa viganja na visigino: "Tumeachwa! Tumeachwa!" Kicheko na kugonga, gonga, gonga.

Mzee aligeuka. Sijaona tena uso kama ule, na nimeona misiba. Halafu akakimbia. Mtu wa miaka sitini, ametoka kitandani juzi, alikimbia kushuka kwenye reli ile, kiatu kimoja kikamtoka, hakukirudia. Alinisogeza pembeni, akaweka bega, akasukuma. Wavulana wakaja kumsaidia. Akawafukuza kwa lugha yake. Akaipandisha toroli peke yake mpaka mlangoni mwa korona, na pale akawatoa wadogo mmoja mmoja kwa mikono, akimgusa kila mmoja kichwa kama anayehesabu. Akawapa sukari guru. Mimi akaninyooshea mkono, kile kiganja chenye kovu. Nikaweka pini juu yake. Akaitia mfukoni.

"Asante," akaniambia. Nilitamani anipige.

Hatukucheza tena. Watoto waliilaumu mvua, wakamlaumu nyapara. Mimi nilijua. Kabla ya masika ya mwaka uliofuata alihamishiwa shamba jingine, na hakuna aliyesema kwaheri ya maana.

Sasa nakasirika na nani? Na mzee, kwa nini hakusema tu? Tungemwelewa, sisi tulikuwa watoto wa manamba, vibarua wa mashamba, tulijua mkubwa akisema toa, unatoa. Na mama na shuka zake. Na mwalimu, ambaye ameuliza swali sahihi bila hata kujua amegusa nini. Zaidi ya wote nakasirika na mimi, maana nilikuwa nauza hadithi ya mzee kwa sababu ndani yake mimi ni mtazamaji tu.

Mjukuu ameniambia vitabu vyake vinasema treni nyingi ziliachwa relini kweli, na watu ndani yake. Na huko kwetu hakuna cha kuuliza. Mpwa wangu alinitumia picha: reli imeng'olewa yote, imekwenda chuma chakavu, korona imesimama haina paa, mpapai umeota kwenye mdomo wake. Mama amelala makaburini huko huko. Wale wadogo wa chini ya magunia ni wazee, na wanachokumbuka ni sukari.

Jumatatu nilimwita mjukuu nikamwambia leta simu. Nikamsimulia yote, homa na toroli, bila kukunja sambusa hata moja.

"Kwa hiyo treni ilifika au haikufika?" akauliza, Kiingereza kama kawaida yake.

"Ya kwao sidhani. Yetu ilifika. Aliisukuma mwenyewe."

"Niandike ipi?"

"Zote. Ya sukari na ya shuka."

"Mwalimu atauliza tena nani mwingine alikuwepo, Bibi."

"Mwambie alikuwepo mtu," nikamwambia. "Alikuwa nyuma ya behewa la mwisho, pini mkononi. Na jina langu uliandike vizuri."