Maji Moto ya Mwalimu

Ninafundisha jiografia hapa Kisangani, na habari za maji moto nimezieleza mpaka chaki zikaisha. Ila sijawahi kuyaona. Wamama wa kwaya waliponiomba niwapeleke kwenye chemchemi ya njia ya Bafwasende, nilipaswa kusema hivyo. Badala yake nikavaa kofia.

Njia ya mbao juu ya kinamasi iligawanyika. Nikaona mvuke upande wa kushoto, nikawageuza huko bila kuuliza mtu, tukafika kwenye kidimbwi cha maji vuguvugu.

"Mwalimu, hii harufu iko ya nini?" akauliza kiongozi wa kwaya.

"Madini, maman. Inatoka chini kabisa ya dunia."

Harufu yenyewe niliifahamu, sikukumbuka tu ya wapi. Nikawaambia waoshe magoti, maji yanaponya. Walikuwa wameanza kuimba nilipoona, nyuma ya majani, pipa likichemka motoni, na bomba lake likipita ndani ya kidimbwi chetu kitakatifu. Kando yake alisimama Mama Anto, anayeniuzia pombe ya lotoko kila Ijumaa.

"Ah, papa Mwalimu," akasema kwa furaha. "Leo umekuya na batu yote hii? Vikombe yangu haitatosha."