Konokono wa Tuta la Bibi

Bibi yangu, mama yake baba, alikuja Dar es Salaam kutibiwa macho, na macho yalipopona akataka kurudi kwao kusini siku ileile. Kilichomzuia ni barabara. Masika yalikuwa yameshika, mto umefurika, na mabasi ya kusini hayapiti. Baba akamwambia avumilie mpaka maji yapungue. Basi Bibi akawa anashinda kwenye mkeka uani kwetu Ilala, miguu ameinyoosha, akitazama ndoo za wapangaji. Mtu aliyelima maisha yake yote ukimkalisha hivyo, anazeeka huku unamwona.

Mimi sikutaka aondoke. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, na nilikuwa mtu wa kuinamisha kichwa nikisemeshwa. Kwa Bibi tu ndiko maneno yalikonitoka. Aliniita mke mwenza, kama bibi wanavyowatania wajukuu wao wa kike, na nikichelewa kuamka alinigonga mguu akisema mume wetu marehemu alikuwa hapendi wanawake wavivu.

Baba ndiye aliyeomba kipande cha ardhi nyuma ya bafu, Bibi apate pa kulima. Siku zile tulihimizwa kila mahali kulima, hata mjini, hata kandokando ya barabara, kwa hiyo mama mwenye nyumba hakuweza kukataa. Alikuwa mwanamke wa pwani, mzaliwa wa hapohapo, mwenye bata aliowafungia ndani ya wavu na ulimi usiofungiwa popote. Alisema, "Limeni. Lakini nikiona uchafu, nasawazisha."

Bibi alipopata jembe alipata na mgongo wake. Alipiga matuta, akapanda mchicha na bamia. Baba akanivuta pembeni.

"Hii mboga ikistawi atakaa," alisema. "Ikifa, ataondoka na basi la kwanza. Umenielewa?"

Nilimwelewa sana.

Mchicha ulichipua vizuri. Halafu asubuhi moja tukakuta vijiti. Majani yameliwa, na juu ya udongo imebaki michirizi ya ute inayong'aa. Walikuwepo konokono wakubwa kama ngumi ya mtoto, na wale wasio na gamba, weusi, wanaoteleza mkononi. Mama mwenye nyumba alisimama mlangoni, khanga kiunoni, akafurahi kweli.

"Nyie watu wa kusini mnakula panya, leo mmeshindwa na konokono?"

Bibi hakugeuka. "Na nyie watu wa pwani mnatafuna pweza, hana hata mfupa, halafu mnamkimbia huyu. Si ndugu yake?"

Mama mwenye nyumba akacheka mpaka akashika mlango. Lakini Bibi hakucheka. Alikaa kwenye mkeka wake, na jioni akamuuliza baba habari za barabara.

Kesho yake baba alirudi kutoka kazini na unga mweupe ndani ya karatasi ya gazeti. Alisema ni dawa, huko ghalani anakofanya kazi inaua kila kitu.

"Ukiishika unafanyaje?" Bibi akauliza.

"Unanawa, mama. Kwa sabuni."

"Mara moja?"

"Mara mbili ni bora."

"Na mchicha wangu nao utaunawisha kwa sabuni? Na watoto wa wapangaji wanaochezea hapa? Rudisha kitu chako."

Baba akakirudisha. Nikazunguka kwa wapangaji kukusanya majivu ya majiko, nikayamwaga kuzunguka tuta. Yalifaa mpaka mvua ikanyesha, yakawa uji, na konokono wakapita juu yake.

Kosa letu tuliligundua kwa bahati. Kwao Bibi, kwenye mchanga mkavu, watu hufunika tuta kwa nyasi ili unyevu usipotee. Ilala tungepata wapi nyasi? Kwa hiyo kila alasiri nilikuwa nakwenda Kariakoo na kikapu, naokota majani ya nje ya kabichi na maganda ya ndizi wanayotupa wauzaji, na Bibi anayatandaza juu ya tuta kama alivyozoea. Siku isiyo na mvua alimwagilia jioni, akiona mimea italala na maji yake. Asubuhi moja aliinama kung'oa gugu, akanyanyua jani la kabichi. Chini yake konokono walikuwa wamebanana kama abiria.

Akaliinua lile jani nione.

"Mke mwenza," alisema, "tumewajengea nyumba, tumewapikia, na maji ya kuoga tumewapelekea jioni."

Tukacheka mpaka tukakaa chini kwenye matope.

Kuanzia hapo tulifanya kinyume. Tuliondoa takataka zote kwenye tuta, tukazilundika mbali, kwenye kona ya ukuta, na juu yake tukaweka gunia bichi. Maji tukamwagilia asubuhi, ili jioni udongo uwe umekauka juu. Konokono wakahamia kwenye gunia. Kila kulipopambazuka tulilifunua na kuwaokota, mimi kwa kijiti, Bibi kwa mkono mtupu huku akiwasalimia.

Kilichobaki ni kuzuia wale waliozaliwa papo hapo tutani. Bibi alitaka maranda ya mbao, kwa kuwa yana makali na konokono hapendi kuburuta tumbo juu yake. Maranda yalikuwa kwa fundi seremala wa mtaa wa pili, na Bibi hakujua njia. Nilisimama mbele ya karakana nimeshika gunia, nikasahau hata kusema hodi.

"Shikamoo," nikasema mwishowe.

"Marahaba. Umekuja kuagiza kitanda cha harusi?"

Wenzake wakacheka. Nilitaka kukimbia. Nikafikiria lile basi la kusini.

"Nataka maranda. Ya konokono."

"Konokono ndio wanaoyalalia?"

"Wanakula mboga ya bibi yangu."

Nadhani ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumwambia mtu nisiyemjua. Fundi akaacha randa yake, akanijazia gunia mwenyewe, akalishindilia kwa mguu.

Tuliyamwaga maranda kuzunguka kila shina, na mvua ikiyalowesha tunaongeza makavu. Konokono tuliowaokota tuliwaponda kwa jiwe, tukawatupia bata. Mama mwenye nyumba alitazama bata wake wanavyogombania, na siku ya tatu alikuja mwenyewe na kopo. "Bibi wa panya," aliita, "leo wangapi? Hawa wanangu hawataki tena pumba." Akawa anaamka pamoja nasi. Wawili wale walikuwa wakitukanana kwa furaha mpaka chai inachemka.

Mchicha ukarudi. Bamia zikatoa maua ya manjano.

Ndipo jioni moja baba akaingia akasema barabara imefunguliwa, mabasi yanaondoka. Alisema taratibu, bila kumtazama mama yake. Mimi nilikuwa nachambua mchicha, mikono ikasimama.

Bibi alikuwa ameinama kwenye bamia. "Nikienda, hizi nani atazimwagilia?"

"Mimi," nikasema.

"Wewe? Unamwagilia kama unamnawisha mgeni."

"Na konokono je?" akaongeza mama mwenye nyumba kutoka mlangoni. "Bata wangu wale nini?"

Bibi akajinyoosha, mkono kiunoni, akamwambia baba atafute mtu anayesafiri, ampelekee salamu jirani yake kule: shamba alilinde yeye msimu huu, na amtumie mbegu za kunde, zile nyekundu, maana za huku yeye hazijui.

Halafu akanigeukia. "Unalia nini? Osha mchicha vizuri. Una mchanga."